RAM, kadi fupi, boksi jingine au PS4: pesa ya gemu uipeleke wapi?

Mpwa wangu anakaa Nkuhungu, hapa Dodoma. Mwaka jana mama yake alimnunulia kompyuta ya mezani ya mtumba kwa ajili ya masomo (mtumba wa vitu vilivyotumika, si Mtumba, ule mji wa Serikali wenye wizara). Masomo yalidumu wiki mbili. Wiki ya tatu simu ikaita: "Shikamoo anko. Hivi GTA V inataka nini? Maana nikiwa kule jangwani inakwenda fresh, nikiingia mjini tu gari linaganda, halafu linatokea ukutani."

Malalamiko hayo yalinipa nusu ya jibu kabla sijaondoka nyumbani. Jangwani vitu ni vichache. Mjini kuna majengo, magari, watu, taa, na vyote lazima vitolewe kwenye diski, vipitie RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), vichorwe. Kompyuta inayokwama mjini peke yake haijafa, imezidiwa mahali fulani kwenye hiyo njia. Jumamosi nikachukua bisibisi na brashi ya rangi nikaenda.

Watu wengi huniuliza swali hili wakiwa tayari na jibu lao mfukoni: "Nitafutie GPU", yaani kadi ya grafiki, ile inayochora picha. Kuna njia nne za kutumia hiyo pesa, na nimeziona zote zikijaribiwa hapa Dodoma. Ila nikutahadharishe mapema: mara nyingi anayechagua ni lile boksi ulilonalo. Wewe unathibitisha tu.

Fungua kwanza

Ile "CPU" ya mpwa wangu (ndivyo tunavyoliita boksi zima, ingawa CPU yenyewe ni kiprosesa kidogo kama kipande cha biskuti) ni Dell OptiPlex 7020 ya mwaka 2014, toleo jembamba linaloandikwa SFF. Ndani kulikuwa na prosesa ya Intel Core i5-4590, RAM moja ya 4GB aina ya DDR3, hard diski ya 500GB, na hakuna kadi yoyote ya grafiki. Picha zilikuwa zinachorwa na Intel HD 4600 iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya boksi) ilikuwa na kibandiko: 255W.

Kibandiko hicho kina thamani kuliko ushauri wangu wote. Dell na HP za ofisini za miaka hiyo hutumia pawa saplai za maumbo yao wenyewe, na plagi zake kwenye madabodi (bodi kuu ndani ya boksi) si zile za kawaida. Huwezi kuchomoa ukaweka ya 500W uliyoiona dukani bila adapta, na kwenye boksi jembamba haitaingia hata ukiwa na adapta. Tena mara nyingi hazina ule waya wa pini sita wa kulisha kadi kubwa. Maana yake, kadi yako itakula umeme wa kwenye sloti tu, na sloti ina kikomo cha wati 75.

Kitu cha pili nilichokikuta ndani ni udongo. Nauita udongo maana haukuwa vumbi tena. Nyumba yao iko kando ya barabara ya vumbi, na upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti wote mnaujua. Mapezi ya kipoza joto yalikuwa yameziba kama kichujio cha maji kilichosahaulika. Programu ya kupima ilionyesha prosesa nyuzi 97 ikiwa kwenye gemu, na Intel nyingi zikikaribia 100 hujipunguzia kasi zisiungue. Nikapiga brashi, nikapuliza, nikafuta ile pesti ya joto iliyokauka kama chokaa nikapaka mpya. Nyuzi 72. Gharama ilikuwa pesti ya elfu tano na kikohozi changu cha siku mbili.

Kwa hiyo kama unakaa mkoa huu na hujawahi kufungua boksi lako, usilinganishe chochote kwanza. Safisha, kisha cheza tena ndiyo ujue unachokosa.

Njia ya kwanza: RAM na SSD

Hii ni rahisi kwa bei na haina hatari, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Tuanze na RAM. Mpwa alikuwa na kipande kimoja cha 4GB. Nikamnunulia kingine kama hicho kwa elfu ishirini, jumla 8GB, nikavipanga kwenye sloti zinazofanya kazi kwa jozi. Watu husikia "8GB" wakadhani kipande kimoja cha 8GB ni sawa na viwili vya 4GB. Kwa kompyuta isiyo na kadi ya grafiki si sawa hata kidogo. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya kompyuta. RAM moja ya DDR3 ya 1600 hupitisha GB 12.8 kwa sekunde, mbili kwa jozi hupitisha 25.6. Ni sawa na kutanua barabara ya njia moja ikawa mbili: magari ni yaleyale, foleni inapungua.

Nilipima fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, kwa kihesabu cha Steam (duka la gemu la mtandaoni), GTA V ikiwa kwenye 720p na setingi zote chini. Kabla, mjini ilikuwa inacheza kati ya fremu 18 na 23 kwa sekunde, ikishuka hadi 6 kila inapokwama. Baada ya kipande cha pili, 30 hadi 35, na kule kukwama kukapungua sana. Elfu ishirini hiyo.

SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ni habari nyingine. Tuliweka ya 256GB kwa elfu sitini na tano. Windows ikawa inawaka kabla hajamaliza kuvuta kiti. Gemu iliyokuwa inachukua zaidi ya dakika tatu kufunguka ikawa chini ya dakika moja. Lakini fremu kwa sekunde? Zilezile. SSD haichori picha. Inaleta vitu haraka, kwa hiyo inasaidia ile hali ya nyumba kutokea ghafla mbele ya gari au gemu kusita sekunde moja unapoingia mtaa mpya. Anayekuuzia SSD kwa maneno ya "itaongeza FPS" (hizo fremu kwa sekunde) anataka biashara tu. Angalia pia ukubwa: GTA V siku hizi inazidi GB 100, hivyo 256GB ni Windows, gemu moja kubwa, na basi. Hard diski ya zamani usiitupe, iache humo kwa gemu ndogo na masomo.

Inatosha nani? Kama unacheza PES 2017, San Andreas, Minecraft kwa kupunguza umbali wa kuona, au Valorant kwenye setingi za chini, simama hapa, hela nyingine kanunue kiti kizuri. Kama unataka gemu za mpira za FIFA 23 au FC 24, njia hii peke yake haikufikishi. Hizo zimeandikwa mahitaji ya chini kabisa ya GTX 1050 Ti na 8GB za RAM.

Njia ya pili: kadi fupi

Hapa ndipo panapotaka uangalifu, kwa sababu kadi inaweza kuwa nzuri sana na isiingie kwenye boksi lako.

Boksi jembamba linataka kadi ya kimo kifupi, ile yenye bamba fupi la chuma nyuma. Kisha pima nafasi pembeni ya sloti. Kadi nyingi zenye nguvu ni nene, zinakula nafasi mbili, na kwenye maboksi membamba upande mmoja utakuta ukuta wa pawa saplai. Chukua rula, usikadirie kwa macho. Kama kompyuta yako ni ile ndogo kabisa ya kufungwa nyuma ya skrini, acha kusoma sehemu hii: haina sloti ya kadi. Na kama ni laptopu, vivyo hivyo.

Hizi ndizo kadi zinazokula umeme wa sloti tu, ambazo mtu wa OptiPlex au EliteDesk (ya HP) anaweza kuzifikiria:

| Kadi | Umeme | Kumbukumbu | Neno langu |
|---|---|---|---|
| GT 1030 ya GDDR5 | 30W | 2GB | Inaingia karibu kila boksi, lakini 2GB zinaisha haraka |
| GTX 1050 Ti | 75W | 4GB | Nzuri bado, ila feki ni nyingi |
| GTX 1650 | 75W | 4GB | Kali kuliko hizi, fupi zipo lakini nyingi ni nene |
| RX 6400 | 53W | 4GB | Kuna nyembamba na fupi, nguvu inapungua kwenye kompyuta za zamani |
| T600 | 40W | 4GB | Kadi ya ofisini, nyembamba, fupi, watu hawaijui |

GT 1030 ina mtego wa jina. Ziko mbili: yenye kumbukumbu ya GDDR5 na yenye ya DDR4, na boksi zake zinafanana kama mapacha. Ya DDR4 ina kumbukumbu ya polepole karibu mara tatu, na kwenye gemu utaiona tofauti hiyo. Soma maandishi madogo. Muuzaji akikujibu "ni zilezile tu", si zilezile.

RX 6400 inatumia njia nne tu za mawasiliano na madabodi. Kwenye kompyuta mpya zenye PCIe 4.0 (toleo la njia hizo lenye kasi zaidi) hainung'uniki. Kwenye OptiPlex ya 2014 yenye PCIe 3.0 njia hizo nne zinapitisha nusu, na kumbukumbu ya kadi ikijaa ndipo unapoona fremu zinaanguka. Si mbaya. Ila usilipe bei ya nguvu usiyoweza kuipata.

T600 ndiyo ninayoipenda kwa boksi jembamba. Imetengenezwa kwa wachora ramani na wahandisi, kwa hiyo mcheza gemu hana habari nayo, na mtumba wake huwa na bei ya upole. Kero yake ni matundu: ina mini DisplayPort tu, lazima ununue adapta.

Na adapta hiyo isikushtukize. Skrini nyingi za mtumba tunazouziwa zina tundu la VGA peke yake, lile la bluu. Kadi zote kwenye jedwali hili hazitoi VGA. Nimemwona kijana ameweka kadi mpya, anahema kwa furaha, halafu hana pa kuchomeka waya. Akarudisha waya nyuma kwenye tundu la madabodi, skrini ikawaka, akacheza wiki nzima kwa grafiki ya zamani huku akilaani kadi.

Hiyo habari ya VGA ingeniokoa na mimi kama ningeijua mapema. Miaka michache nyuma niliagiza "GTX 1050 Ti" kutoka Dar, muuzaji wa mtandaoni, picha safi, bei ya kirafiki. Ikaja na basi la usiku, nikaipokea asubuhi stendi nikiwa nimeifunga kwenye koti kama mtoto. Nyumbani nikaona ina tundu la VGA. Nikafurahi, nikajua adapta nimeiokoa. Nikaweka, Windows ikasoma GTX 1050 Ti, nikafungua gemu, kompyuta ikazima. Nikapakua programu ya GPU-Z, ile inayosoma chipu yenyewe badala ya jina iliyobandikwa. Mbele ya jina ikaandika FAKE. Ilikuwa kadi ya zamani ya familia ya GTX 500 iliyobadilishwa jina kwa programu. 1050 Ti halisi haitoi VGA, kizazi chake kiliondoa kabisa uwezo huo. Muuzaji alikuwa hapokei simu tena.

Ndiyo maana siku hizi, kama kadi ni ya bei, napanda treni ya SGR asubuhi, naijaribu Kariakoo mbele ya muuzaji na GPU-Z kwenye flashi, narudi jioni. Nauli inauma. Kadi feki inauma zaidi. Ukinunua kwa mafundi wa hapa mjini utaongeza kidogo juu ya bei ya Dar, lakini ikizingua unajua duka lilipo, na hilo kwangu lina thamani ya hiyo nyongeza.

Njia ya tatu: uza boksi, nunua jingine

Kuna wakati kuongezea ni kushona kiraka kwenye nguo iliyochakaa. Hesabu ninayoifanya ni hii: kama kadi, adapta na RAM kwa pamoja vinapita bei uliyonunulia kompyuta, simama kwanza. OptiPlex ya mpwa ilinunuliwa laki mbili na themanini. GTX 1650 fupi niliyoiulizia ilikuwa laki nne na ishirini. Kofia imezidi kichwa.

Boksi la kutafuta ni lipi? Toleo la mnara, si jembamba, hata kama ni OptiPlex ileile. Mnara unameza kadi ya kimo cha kawaida, na kadi za kimo cha kawaida ni nyingi na rahisi kuliko fupi. Bora zaidi ni kompyuta iliyoungwa na fundi yenye pawa saplai ya kawaida, maana hiyo utaibadilisha utakavyo miaka inayokuja.

Halafu kuna suala la kizazi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na i5-4590 ni kizazi cha nne. Gemu hazikuzimika siku hiyo, ila kama unanunua boksi leo, kulipa pesa kwa kizazi cha nne au cha sita kwa sababu tu "ni i7" ni kujichimbia shimo. i5 ya kizazi cha nane ina kori sita, i7-4770 ina nne.

Chaguo la pembeni ambalo mafundi wetu hawalitaji sana ni Ryzen zenye herufi G mwishoni, kama 3200G au 5600G. Grafiki yake ya ndani, Vega, inaiacha mbali HD 4600, hivyo unaanza bila kadi ukiwa tayari unacheza. Ila sheria ya RAM mbili mbili hapo ndiyo sheria kuu. Ryzen G yenye kipande kimoja cha RAM ni pikipiki uliyoivuta breki.

Njia ya nne: achana na kompyuta, chukua PS4

Najua wapenzi wa kompyuta watakunja uso. Lakini kwa mtu ambaye gemu yake ni mpira, na marafiki wanakuja Jumapili, PS4 ya mtumba inashinda bila kelele. Hakuna draiva, hakuna kupima sloti, hakuna feki ya chipu. Unaweka CD, mnacheza wawili kwenye TV ya sebuleni. FC 25 ilitoka kwa PS4 pia, pamoja na kwamba mashine ni ya mwaka 2013. Niliyoiona ya Slim ikiwa na pedi mbili ilikuwa laki sita, na ukichoka nayo unaiuza haraka, maana vibanda vya gemu vinanunua muda wote.

Inapopoteza: gemu zenyewe ni ghali, huwezi kuandikia kazi ya shule, na iko ukingoni mwa maisha yake. Huwezi kuiongezea chochote isipokuwa diski. Na vumbi letu haliibagui: feni ya PS4 iliyojaa udongo hupiga kelele utadhani ndege inatua Msalato.

Bando ni mzigo wa pande zote mbili. Gemu ya GB 100 kwa intaneti ya simu ni mshahara wa mtu. CD hupunguza, ingawa masasisho bado utayapakua. Kwenye kompyuta, tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta moja kuchukua faili za gemu kutoka kwa nyingine kwenye mtandao mmoja wa ndani, kwa hiyo kama rafiki yako wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) analo gemu hilo na wewe umelinunua, beba boksi lako mpaka kwake.

Swali la dada

Dada yangu hakujali fremu. Aliuliza moja tu: "Hiyo kitu itakula LUKU kiasi gani?"

Ni swali zuri kuliko ya mwanawe. OptiPlex bila kadi, pamoja na skrini, kwenye gemu hucheza karibu wati 90. Kwa saa tatu kila siku, mwezi mzima ni uniti 8. Ukiweka kadi ya wati 75, fanya wati 160 hivi, uniti 14 na ushee. PS4 Slim na TV ndogo huangukia katikati. Tofauti ni uniti sita kwa mwezi, si nyingi, isipokuwa kwa nyumba iliyo kwenye tarifu ya matumizi madogo. Ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, na ukiuvuka bei ya uniti inaruka. Nyumba ya dada inatumia 60 na kitu. Kwake yeye kadi ya 75W ikiunganishwa na likizo ya Desemba ni hatari halisi, na T600 ya 40W ikapata sifa nyingine ambayo hakuna anayeitangaza.

Tulichofanya siku ile ni usafi, RAM ya pili na SSD, jumla elfu tisini. Kadi nilimwekea alama kwenye karatasi: T600 na adapta yake, hakuna kingine kinachoingia humo kwa amani.

Wiki iliyopita kanipigia tena. Mjini hakugandi siku hizi, anaendesha mpaka ufukweni. "Sasa anko, na FC je?" Nikamwambia aisome ile karatasi. Nikasikia sauti ya dada nyuma yake, anaongea kwa simu isiyo yake: kadi itanunuliwa matokeo ya mtihani wa moko yakishatoka, na ayaone yeye kwanza.